Picha, sauti au wazo tupu: jinsi ya kujua akili yako inafikiri vipi

Mwambie mtu afumbe macho na awaze hivi: kuna mtu amesimama kando ya meza, anausukuma mpira, mpira unaviringika mpaka ukingoni, unaanguka. Akishamaliza, muulize haraka haraka kabla hajapata nafasi ya kutunga jibu. Mpira ulikuwa wa rangi gani? Aliyeusukuma ni mwanamume au mwanamke? Meza ilikuwa ya mviringo au ya pembe nne?

Kuna atakayejibu papo hapo, kwa sababu yote hayo amekwisha kuyaona. Kuna atakayesita, na ukimwangalia vizuri utatambua kwamba rangi anaichagua sasa hivi, baada ya kuulizwa. Na kuna atakayekushangaa, maana mpira wake haukuwa na rangi yoyote, wala meza haikuwa na umbo. Alijua tu kwamba kuna mpira, umesukumwa, umeanguka. Wote watatu wamewaza jambo lilelile, na ukiwauliza mpira uliishia wapi, watakujibu chini.

Mazungumzo kuhusu aina za akili huwa yanakimbilia mahali pasipo na kitu: nani ni mtu wa ubongo wa kushoto, nani wa kulia, nani hujifunza kwa macho na nani kwa masikio. Nitayarudia hayo baadaye, kwa ufupi kama yanavyostahili. Tofauti kubwa za kweli ziko kwenye nyenzo ambazo akili hutumia kuwaza, na nyingi kati yake zinapimika.

Tuanze na taswira. Mwingereza Francis Galton aliligusa jambo hili mwaka 1880. Aliwauliza wanaume 100, nusu yao au zaidi wakiwa watu wenye sifa katika sayansi na kazi nyingine za kitaaluma, akawaomba waikumbuke meza ya kifungua kinywa cha asubuhi ile, kisha waeleze mwanga wake, vitu vilionekana wazi kiasi gani, na rangi zilikuwa kamili au zimefifia. Baadhi ya wanasayansi walimjibu kana kwamba amewauliza habari za kubuni. Walikuwa wakiamini maisha yao yote kwamba mtu anaposema "naiona akilini" anatumia tamathali ya usemi tu.

Baada ya hapo suala lilipoa kwa muda mrefu. Mwaka 2010 daktari wa neva Adam Zeman na wenzake walichapisha habari za mkaguzi mstaafu wa majengo aliyepoteza taswira zote za akilini baada ya matibabu ya mishipa ya moyo. Aliweza bado kujibu maswali kuhusu sura na rangi za vitu, ila hakuwa akiona chochote alipokuwa akijibu. Habari hiyo ilipofika kwenye jarida la wasomaji wa kawaida, wakajitokeza watu 21 waliosema kwamba wao wako hivyo tangu kuzaliwa. Mwaka 2015 hali hiyo ikapewa jina la afantasia. Walio upande wa pili kabisa, ambao taswira zao zinakaribia kuona kwa macho, wana haipafantasia.

Chombo kinachotumika zaidi kupimia ni dodoso la David Marks la mwaka 1973. Lina vipengele 16, vinne vinne katika mandhari nne: mtu unayemwona mara kwa mara, jua linapochomoza, duka unalolijua, na mandhari ya miti, mlima na ziwa. Kila kipengele unakipa alama 1 (huoni kitu) mpaka 5 (kama kuona kwa macho), kwa hiyo jumla inakwenda kuanzia 16 hadi 80. Watafiti wengi huhesabu 32 kushuka chini kuwa afantasia. Wengine wanaotaka mpaka mkali huuweka kwenye 23. Kuanzia 75 kwenda juu ni haipafantasia. Kwa mpaka wa 32, wenye afantasia ni kama asilimia 4 ya watu. Wasioona kitu kabisa ni takriban asilimia 1.

Ukilijaza mwenyewe, kuna mambo matatu yanayoharibu majibu. La kwanza ni la kipuuzi lakini hutokea: katika toleo la awali alama 1 ndiyo ilikuwa taswira kali kuliko zote, na matoleo ya baadaye yakageuza. Soma maelekezo ya karatasi uliyo nayo kabla ya kujumlisha, usije ukajitangaza kipofu wa ndani kumbe ni kinyume. La pili, watu hujibu kuhusu wanachokijua badala ya wanachokiona. Ukiambiwa umuwaze ndugu yako na ukajibu "ana nywele fupi", hiyo ni habari. Kinachoulizwa ni kama nywele hizo zipo mbele yako kwa namna yoyote. La tatu, watu hupitia vipengele vyote 16 kwa mbio na kuweka alama ileile kwa mazoea. Tulia sekunde kumi hivi kwa kila kimoja, halafu ndiyo uandike.

Jaribio la mpira nililoanza nalo lina faida moja ambayo dodoso halina: swali linafuata taswira. Ukimwambia mtu "fikiria tufaha jekundu" halafu umuulize rangi, umeshampa jibu mkononi.

Mtu mwenye mashaka atasema haya yote ni maneno ya mhusika, na nani ajuaye kama si namna ya kujieleza tu? Ni pingamizi la haki, na limejibiwa maabara. Kundi la Joel Pearson, Australia, lilitumia hali ambapo jicho moja linaonyeshwa mchoro mwekundu na jingine wa kijani. Ubongo hauwezi kuviona vyote kwa pamoja, kwa hiyo mmoja hushinda. Ukiwaza mmoja kwanza, kwa kawaida huo ndio unaoelekea kushinda. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watu wenye afantasia hawakuonyesha upendeleo huo. Mwaka 2022 walipima mboni: mtu wa kawaida akiwaza umbo linalong'aa, mboni zake hunywea kidogo kana kwamba mwanga uko mbele yake. Za wenye afantasia hazikunywea, ingawa kwenye mwanga halisi zilifanya kazi sawasawa. Na mwaka mmoja kabla, watu walisomeshwa visa vya kutisha kwenye chumba chenye giza huku jasho la ngozi likipimwa. Wenye afantasia walibaki wakavu. Walipoonyeshwa picha za kutisha zenyewe, waliitikia kama wengine. Kwa hiyo woga wanao. Kilichokosekana ni picha ya kuuwasha.

Sasa, je, asiyeona akilini amepungukiwa? Inategemea unapima nini. Mwaka 2021 Wilma Bainbridge na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu walionyeshwa picha za vyumba, kisha wakavichora kwa kumbukumbu. Wenye afantasia walichora vitu vichache zaidi na walitumia rangi kidogo, lakini mahali na ukubwa wa vitu walivyovikumbuka vilikuwa sahihi kama vya wengine. Tena walikosea mara chache zaidi kwa kuongeza kitu ambacho hakikuwamo. Jicho la akili linaongeza utajiri, na pia linaongeza uongo. Na ikiwa bado unadhani kazi ya picha inahitaji picha kichwani, Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya filamu za katuni ya Pixar, ameeleza hadharani kwamba yeye haoni chochote akilini.

Picha ya sura na picha ya nafasi

Hapa ndipo hata walimu wazuri hukosea. Kusema "huyu anafikiri kwa picha" hakutoshi, kwa sababu kuna kufikiri kwa picha kwa aina mbili zinazoachana. Moja hushika sura: rangi, mng'ao, umbile la kitu kizima. Nyingine hushika nafasi: nini kiko wapi, kinaelekea wapi, kikizungushwa kitatokea vipi. Maria Kozhevnikov na wenzake walionyesha katika tafiti za mwaka 2002 na 2005 kwamba mtu anaweza kuwa hodari upande mmoja na dhaifu upande wa pili. Wasanii wa michoro walielekea kwenye sura, wanasayansi na wahandisi kwenye nafasi.

Tofauti yenyewe huonekana vizuri sana kwenye grafu. Chora mihimili miwili: wa chini ni muda, wa wima ni umbali kutoka mahali pa kuanzia. Chora mstari ulionyooka kulala juu, kisha unaoteremka kwa mshazari, kisha unaolala tena chini. Muulize mtu kitu hiki kimefanya nini. Mwenye nguvu ya sura, hasa akiwa hajazoea grafu, atakwambia mpira ulikuwa juu ya uwanda, ukaviringika mlimani, ukafika chini ukasimama. Anautazama mstari kama picha ya kilima. Mwenye nguvu ya nafasi ataukata vipande: kwanza kitu kimetulia mbali, kisha kinarudi mahali pa kuanzia kwa kasi isiyobadilika, kisha kimetulia tena. Jibu sahihi ni hilo la pili. Hakuna mlima popote.

Huyo wa kwanza si mjinga. Akili yake imefanya kile inachokifanya vizuri, mahali pasipofaa. Dawa yake haiwi kumwongezea picha nyingine, maana ataisoma vilevile. Funika grafu kwa karatasi, acha upenyo mwembamba wa wima, na uusogeze polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Kila hatua muulize swali moja tu: umbali umeongezeka, umepungua au uko palepale? Aandike majibu kwa maneno. Akishafika mwisho ana simulizi ya mwendo, na kilima kimekufa chenyewe.

Sauti ya ndani

Ukimuuliza mtu kama anajisemesha kichwani, wengi watasema ndiyo, kutwa kucha. Usiwaamini, hata wewe usijiamini. Mwanasaikolojia Russell Hurlburt amekuwa akilichunguza hili tangu miaka ya 1970 kwa kifaa kinacholia ghafla katikati ya shughuli za mtu, na mara nyingi amekuta watu wanaoapa kwamba husema kichwani muda wote hawakutwi na neno hata moja. Kumbukumbu ya jumla kuhusu akili yako ni shahidi mbaya.

Njia yake unaweza kuiga nyumbani. Tafuta programu ya simu inayolia kwa nyakati zisizotabirika, uiweke ilie mara 6 hivi kwa siku. Ikilia, andika mara moja kilichokuwamo akilini nukta ya mwisho kabla ya mlio. Usiandike kwa nini, wala ulichokuwa ukifanya kwa jumla, wala ulichowaza baada ya kushtuka. Kama kulikuwa na maneno, yaandike yenyewe, na useme kama yalikuwa na sauti, ya nani, na kwa kasi gani. Siku ya kwanza itupe. Karibu kila mtu siku hiyo anaandika maelezo badala ya ushahidi, na mkono unazoea kuanzia siku ya pili.

Utakachokikuta kinaweza kuangukia katika makundi matano ambayo Hurlburt na Christopher Heavey waliyahesabu mwaka 2008: maneno ya ndani, kuona kwa ndani, hisia kama hasira au furaha, kuzama kwenye kitu cha milango ya fahamu (ubaridi wa glasi mkononi, bila kujali maji yaliyomo), na wazo tupu. Kwa wastani kila kundi lilitokea katika robo hivi ya milio, kuona kwa ndani kukizidi kidogo. Lakini wastani huo unaficha mambo. Mtu mmoja hukutwa na maneno karibu kila mlio, jirani yake hata mara moja hakuna.

Hilo la wazo tupu ndilo linalobishaniwa zaidi. Unatoka, unafika barabarani, na ghafla unajiuliza kama mlango umeufunga. Hakuna sentensi iliyopita kichwani. Hakuna picha ya kitasa. Hata hivyo unajua barabara kwamba ni mlango, ni ule wa mbele, na wasiwasi ni wa kufuli. Watu wanaofikiri kwa maneno husikia habari hii wakasema haiwezekani. Wanaofikiri kwa wazo tupu hushangaa kwamba kuna haja ya kuieleza.

Tofauti hii ina uzito kwenye kazi fulani fulani. Mwaka 2024 Johanne Nedergaard na Gary Lupyan walilinganisha watu wenye sauti ya ndani kubwa na wenye kidogo. Wenye kidogo walipata shida zaidi kutambua kama majina ya vitu vilivyochorwa yana vina vinavyofanana, na walikumbuka maneno machache zaidi kwenye orodha. Kwenye kazi ya kubadilisha badilisha majukumu hawakuachwa nyuma. Kwa hiyo ukijikuta upande huo, usihangaike kujilazimisha kuongea kichwani. Namba ndefu, orodha ya vitu, maelekezo ya mdomo: yatamke kwa sauti au yaandike hapohapo. Na mwenye sauti nyingi ana hasara yake: akisoma huku watu wanaongea, maneno yao yanagombania nafasi ileile. Wimbo wenye mashairi humkwaza kuliko muziki mtupu.

Yale ya kutupa

Ubongo wa kushoto na wa kulia. Chanzo chake ni kazi ya kweli ya Roger Sperry, aliyepata Nobeli mwaka 1981 kwa kuchunguza wagonjwa waliokatwa daraja la neva linalounganisha nusu mbili za ubongo. Kwamba lugha kwa watu wengi hukaa zaidi kushoto ni kweli. Kwamba mtu kwa ujumla wake huelekea upande mmoja si kweli: mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipitia picha za ubongo za watu 1,011 wenye umri wa miaka 7 hadi 29 na hawakukuta watu wa kushoto wala wa kulia.

Mitindo ya kujifunza. Dai ni kwamba kila mtu hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa mtindo wake. Harold Pashler na wenzake walieleza mwaka 2008 ushahidi unaotakiwa: wagawe watu kwa mitindo yao, nusu ya kila kundi ifundishwe kwa picha na nusu kwa maneno, kisha wote wafanye mtihani mmoja. Ili dai lisimame, wa picha lazima wafaulu zaidi kwa picha na wa maneno kwa maneno. Ushahidi wa namna hiyo haukupatikana wa kutosha. Mtu anaweza kuwa na taswira kali na bado ramani ikafundishwa vizuri zaidi kwa ramani kwa kila mtu, hata asiyeona kitu akilini. Somo ndilo linaloamua njia. Na mbinu inayosaidia karibu wote ni kujijaribu: Roediger na Karpicke mwaka 2006 walikuta kwamba waliosoma tena walikumbuka zaidi baada ya dakika 5 (asilimia 81 kwa 75), lakini baada ya wiki moja waliojijaribu walikuwa mbele kwa asilimia 56 dhidi ya 42. Hizo dakika 5 ndizo zinazotudanganya usiku wa kuamkia mtihani.

Dodoso za herufi nne, zile zinazokugawia mojawapo ya aina 16 za utu, zina kasoro ya hesabu. Alama za watu nyingi huangukia katikati, sio kwenye vilele viwili. Ukikata katikati, mwenye 49 na mwenye 51 wanatangazwa kuwa watu tofauti, wakati mwenye 51 na mwenye 95 wanaitwa wa aina moja. Ndiyo maana watu wakirudia baada ya wiki chache, si wachache wanaobadilika herufi.

Kuna tofauti moja zaidi isiyohusu nyenzo bali breki, nayo ningeitanguliza kuliko herufi zote nne. Ziwa lina mayungiyungi yanayoongezeka maradufu kila siku. Yanalijaza ziwa zima kwa siku 48. Je, nusu ya ziwa yaliijaza kwa siku ngapi? Kama 24 imekujia kwanza, uko na wengi. Jibu ni 47, kwa kuwa siku moja kabla ya kujaa lazima yalikuwa nusu. Shane Frederick alichapisha swali hili na mengine mawili mwaka 2005, na kati ya watu 3,428, asilimia 17 tu walipata yote matatu huku asilimia 33 hawakupata hata moja. Wengi wao hesabu hiyo wanaiweza. Wanachokosa ni kulitilia shaka jibu lililokuja lenyewe. Njia ya kujikagua ni ya mkono: rudisha jibu lako ndani ya swali. Kama ni nusu siku ya 24, basi siku ya 25 ziwa limejaa, na swali limesema 48.

Ukiwa unafundisha au unaongoza kazi ya watu kadhaa, huna haja ya kumpima kila mmoja. Toa maelekezo kwa njia mbili zisizorudiana: mchoro unaoonyesha nini kiko wapi, na hatua zilizoandikwa kwa namba. Usiseme "jione umeshafika" kama ndiyo maelekezo yenyewe. Kuna ambaye haoni kitu na atanyamaza kwa kudhani kasoro ni yake. Na ukitaka kujua kama umeeleweka, swali la "umeona?" halipimi chochote, kwani kila mmoja atasema ndiyo. Mwambie akueleze hatua ya tatu ni ipi na kwa nini haiwezi kutangulia ya pili.